Naomba ushauri: natafuta ukoo wa bibi yangu upande wa wanawake, Lamu

MjukuuWaLangoni
Assalaam aleikum. Mama mzaa mama alifariki mwaka jana, sanduku lake nimebaki nalo mimi. Nataka kumjua mamake, na mama wa huyo mamake. Upande wa babu hakuna shida, mjomba anataja bin fulani bin fulani mpaka anaishiwa pumzi. Nikiuliza wanawake, naambiwa "huyo mtu wa Siyu," basi. Mamake bibi kila mtu alimwita Bimkubwa, jina lake la haki hakuna alijuaye. Sandukuni mna karatasi moja ya herufi za Kiarabu, imekunjwa mara nane, mikunjo imetoboka, chini ina alama ya dole gumba. Cheti cha kuzaliwa bibi hakuwahi kuwa nacho. Nianzie wapi?

Baraza_la_Mkomani
Anza na nyumba, mwanangu. Waungwana wa hapa binti akiolewa walimpa nyumba, au walimpandishia ghorofa juu ya wazee, au wakavusha wikio, yaani chumba cha daraja, juu ya njia. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo jina la mwanamke likipotea midomoni, nyumba bado inamjua. Na hiyo karatasi usiitie selotepu!

KaraniMstaafu
Hati ya ndoa haitakufaa sana, inamtaja binti, babake na walii anayemwozesha. Tafuta mirathi. Mtu akifa ameacha watoto na mamake yu hai, mama ana sudusi, moja ya sita, na kadhi hagawi bila kumtaja. Yaani mtafute mtoto wa Bimkubwa aliyetangulia kabla ya mamake. Inauma, lakini hapo ndipo jina lilipo. Kama familia ilikuwa na shamba, kuna pia madai ya ardhi yaliyoandikishwa Pwani chini ya sheria ya 1908.

BintiShela
Usiulize "kabila gani." Utumwa ulifutwa kisheria hapa 1907, huenda mama wa Bimkubwa alikuwa binti mdogo wakati huo, na kuna nyumba ambazo swali hilo bado linafunga mlango. Uliza alisomea kwa nani, alizikwa wapi. Halafu, bibi yako aliitwa jina la nani?

MjukuuWaLangoni
Dada BintiShela, swali lako limenikosesha usingizi. Leo nimempelekea mwalimu wa madrasa karatasi. Ni hiba: mama anampa binti yake orofa ya juu. Mwalimu alipotaja jina la mtoaji nikamwambia umekosea, hilo ni la bibi yangu, na bibi hakuwahi kumiliki orofa. Akarudia, kidole kwenye mstari. Ni lile lile. Kumbe bibi alirithi jina la bibi yake, na dole gumba lile ni lake huyo wa kwanza. Aliyepewa ni Bimkubwa, jina lake la haki limeandikwa wazi.

Jina la babake huyo mtoaji ndilo limeangukia penye tundu la mkunjo. Mpaka wa kibla ni njia, na juu yake wikio. Mzee wa baraza, nyumba za namna hiyo mtaani Mkomani tunaanza kuzihesabu kutoka wapi?

Baraza_la_Mkomani
Njoo kesho baada ya alasiri. Uvae viatu vya kutembea.