Anatoa laki tatu, anataka risiti ya laki nane

MamaMhazini: Shalom wapendwa. Mimi ni mhazini wa kanisa dogo huku Ukambani. Mabati ya chumba cha shule ya Jumapili yameoza, na mvua za Novemba haziko mbali. Mkandarasi mmoja ametuahidi Sh 300,000, ila anataka risiti isome 800,000. Mchungaji ananiambia, "Mama, Mungu humtumia mtu yeyote." Wazee wananung'unika kwamba nazuia baraka. Kitabu cha risiti ninacho mimi na sahihi ni yangu. Usingizi umenipaa. Nikikataa, si nitakuwa nimewanyima watoto paa?

JiraniWaKayole: Dada, Novemba 2024 Rais Ruto alitoa Sh 600,000 za kwaya na kundi jingine la parokia kwenye kanisa Katoliki la Soweto hapa Kayole, na milioni 2 za nyumba ya mapadre. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile nilijivunia kuitwa Mkristo.

FundiSeremala: Tusichanganye mambo. Kupokea sadaka si dhambi. Pokea laki tatu, andika laki tatu. Shida ni hizo laki tano za hewa: kuna hesabu mahali zinaenda kuzibwa nazo, pengine za kodi, pengine za mradi wa umma, na shahidi wake atakuwa kanisa.

MzeeNakuru: Binti yangu, soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, alikuja na talanta kumi za fedha, nabii Elisha akakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, hakuvunja mlango wa mtu. Alimfuata mgeni akaomba talanta moja na mavazi mawili, akapewa talanta mbili na mavazi hayo. Uongo wake ulikuwa mwepesi tu: bwana wangu amenituma, tumepata wageni wawili. Ukoma ukamshika yeye na uzao wake. Hicho kitabu cha risiti usimwachie mtu.

MamaMhazini: Asanteni sana. Leo mchana nimempigia mkandarasi mwenyewe, nikamwambia risiti itasoma kile atakachotoa, si zaidi. Akasema atafikiria, akakata simu. Mchungaji hajafurahi, lakini amekubali jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha Jumamosi. Akina mama wamesema watauza mbuzi wa chama tuanze na upande unaovuja zaidi. Kuna anayejua bei ya mabati ya geji 30 pale Machakos kwa sasa?