Keki ya kakao ya bibi: maandishi tunayo, lakini haitoki kama yake

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo ambalo familia yetu inalithamini sana. Bibi alituachia daftari lenye maelezo ya keki yake ya kakao pamoja na sosi ya chokoleti ya kumwagia juu, na hakuna sherehe ya nyumbani ambayo keki hiyo haitazamiwi. Maelezo yenyewe ni mafupi: vikombe viwili vya unga, kikombe cha sukari, vijiko vitano vya kakao, kijiko cha chai cha soda ya kuokea, mayai mawili, siagi “ya kutosha” na maziwa “mpaka rojo literemke polepole kijikoni”. Nikiyafuata, keki hutoka nyeusi kuliko ile ninayoikumbuka, haiumuki vizuri na huacha ladha inayokaribia ya sabuni, ilhali mama mkubwa, ambaye hukadiria kwa macho bila kulifungua daftari, huipata sawasawa kila mara. Sosi nayo hushikana ghafla ikawa madonge makavu. Je, kuna kitu ambacho bibi hakukiandika? Na niyaandike vipi upya ili wajukuu watakaokuja waipate keki ile ile?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, dalili zote tatu ulizozitaja zinaelekea upande mmoja: soda yako haipati asidi ya kutosha. Soda ya kuokea ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na hutoa gesi ya kuumua keki vizuri inapokutana na kitu chenye uchachu. Isipokutana nacho, sehemu yake hubaki ndani ya keki, ikaitia weusi na ladha hiyo ya sabuni.

Sasa tazama kakao unayoitumia. Kakao ya asili ina uchachu wake, kwani kipimo chake cha pH (ambapo chini ya 7 ni uchachu) huwa kati ya 5 na 6. Ipo pia kakao iliyotiwa alkali kiwandani, ambayo hufika karibu na 7 au zaidi. Njia hiyo ilianzia Uholanzi katika familia ya Van Houten, wale wale waliopata hataza ya kukamua mafuta ya kakao kwa shinikizo mwaka 1828, na ilipendwa kwa sababu hupunguza ukali wa kakao na kuikoleza rangi. Ni kakao nzuri kabisa, nami huitumia kwa sosi na vinywaji, lakini haiwezi kuiamsha soda. Soma orodha ya viungo kwenye kopo: ukiona neno alkali, umeshapata sehemu ya jibu. Macho pia husaidia, maana ya asili huwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea sana na harufu kali zaidi.

Ukiipata ya asili, itumie hiyo. Usipoipata, ondoa soda na uweke hamira ya unga ya kuokea keki (baking powder, si hamira ya mikate), kwa kadiri ya mara tatu ya kipimo cha soda.

Jibu la pili

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila ningeuliza pia kuhusu maziwa. Wazee wengi waliandika “maziwa” tu, wakimaanisha yale yaliyokuwapo jikoni, ambayo mara nyingi yalikuwa yamekwisha ganda na kuwa na uchachu. Kikombe kimoja cha maziwa ya mgando hutosha kuituliza nusu ya kijiko cha chai cha soda, na kakao ya asili husaidia kwa iliyosalia. Muulize mama mkubwa swali hilo waziwazi, kwa kuwa mtu aliyelizoea jambo tangu utotoni halioni kuwa lahitaji kuelezwa.

Kuhusu vipimo, usimwombe akupimie. Mtu anayekadiria kwa macho akipewa mizani hubadilisha mwendo wa mkono wake. Wewe upime chombo cha unga, cha sukari, cha kakao na cha siagi kabla hajaanza, umwache apike kama kawaida yake, kisha upime kilichobaki. Tofauti ndiyo kipimo cha kweli. Hili ni muhimu zaidi kwa unga, kwani kikombe kilekile huweza kubeba gramu 120 ukiujaza taratibu kwa kijiko, au 150 ukiuchota na kuushindilia. Vikombe vyenyewe havilingani: vya Marekani ni karibu mililita 240, vingine ni 250, na kikombe cha bibi huenda kilikuwa cha chai tu. Kama bado kipo, kijaze maji ukayapime.

Jibu la tatu

Niongeze kuhusu sosi. Chokoleti iliyoyeyuka ikipata maji kidogo, hata ya mvuke au ya mwiko uliolowa, chembe za sukari na kakao hung’ang’aniana ikawa donge. Ama chombo kiwe kikavu kabisa, ama uweke kimiminika cha kutosha tangu mwanzo, yaani si chini ya kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 60 za chokoleti. Ikishashikana, usiitupe: ongeza maziwa au krimu ya moto kijiko kwa kijiko huku ukikoroga, nayo italainika. Angalia pia asilimia ya kakao. Chokoleti ya asilimia 70 ina sukari kidogo na hunywa krimu zaidi kuliko ya asilimia 50.

Muulizaji

Nawashukuruni kwa dhati. Mama mkubwa amethibitisha kuwa maziwa huachwa usiku kucha yagande, na hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Je, nilifute neno la bibi na kuandika sahihi?

Jibu la pili

La, usilifute. Liache lilivyo, kisha pembeni andika kwa wino mwingine maelezo ya mama mkubwa, aina ya kakao, uzito wa kila kitu na tarehe, ili atakayesoma atambue kipi ni cha nani. Kabla ya kuyaandika, jaribu kwa nusu ya kipimo, ambapo yai moja litatosha, nawe utajua kama rojo lateremka kijikoni kama alivyosema.