Picha ya Picasso ya 1912 yenye kamba pembeni, inasomwaje hii?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Kuna picha ya mchoraji Picasso ya 1912, ile yenye umbo la yai imezungushiwa kamba pembeni badala ya fremu, juu ina herufi JOU halafu vitu vyote kama vimekatwakatwa. Siku ya tatu naikodolea macho. Kiko nimekiona, glasi nahisi nimeiona, ila chini kuna kipande cha kiti cha kusuka kimechorwa safi kabisa, kila tundu linaonekana. Sasa kwanini kiti akichore vizuri hivyo halafu glasi aivuruge?

Mdau 1:
Mkuu hapo hapo ndo penyewe. Kile kiti hakukichora! Ni kitambaa cha mpira, vile vya kutandika mezani, kimechapwa kiwandani mchoro wa kiti cha kusuka, yeye akakibandika tu. Yaani unachokiona cha kweli ndo cha kuiga, na ile glasi unayosema imevurugwa ndo kaichora kwa kuichunguza, mdomo unavyoonekana ukiwa juu yake, ubavu unavyoonekana ukiwa umekaa, vyote kwa pamoja. Weka glasi mezani uizunguke taratibu utanielewa.

Mdau 2:
Naongezea. JOU ni mwanzo wa journal, gazeti kwa Kifaransa, na meza za migahawa ya Paris gazeti halikosekani. Wengine wanasoma jouer, kucheza, na mimi nakubali zote mbili. Kulia tafuta kisu, kipande cha limau na kombe la baharini. Mwaka huohuo rafiki yake Picasso, mchoraji Braque, naye alianza kubandika karatasi za ukutani zilizochapwa mfano wa mbao, hawa watu walikuwa wanafanya kazi bega kwa bega.

Mdau 3:
Mi naiona ni meza ya duara unaiangalia kutoka juu, kamba ndo ukingo wake. Ila kiti kuwa juu ya meza bado kinanisumbua, labda meza ni ya kioo kiti kiko chini yake.

Mleta mada:
Aisee nimeizunguka glasi kweli, ukisimama mdomo duara, ukichuchumaa unabaki mstari tu. Nimerudi kwenye picha nikaiona glasi ile pale katikati, asanteni sana wakuu. Limau ni lile lenye mistari kama miale?

Mdau 2:
Ndo lenyewe.