MRI imeonyesha mishipa midogo ya ubongo imeharibika: hofu ya kiharusi tunaitulizaje?

Kijana_wa_Mama: Wakuu, habari zenu. Mama ana miaka 62 na presha ya siku nyingi. MRI, kipimo cha picha ya ubongo, imeonyesha mabaka meupe ubongoni, daktari kasema ni ugonjwa wa mishipa midogo ya damu. Hajawahi kupooza. Tangu asikie hivyo anapima presha kila saa, usingizi hana, na ganzi kidogo tu vidoleni anasema kiharusi kimefika. Tunapunguzaje hatari, na hii hofu?

Nesi_Presha: Pole kwa mama, mkuu. Mwambieni kwanza kwamba kinachoiharibu zaidi mishipa hiyo ni presha, na presha inashushika. Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa lengo la namba ya juu chini ya 120, mabaka yao yaliongezeka taratibu kuliko wa lengo la chini ya 140. Lengo la mama apange daktari wake. Wengi huwekewa chini ya 130/80.

Kupima kila saa kuacheni leo. Hofu yenyewe hupandisha namba, akiiona anaogopa zaidi, inapanda tena. Apime asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba kabla ya kliniki. Akojoe kwanza, asinywe kahawa nusu saa kabla, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ukae kwenye ngozi, si juu ya nguo. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Kila mara apime mara mbili, dakika moja katikati, aandike zote. Siku ya kwanza tupeni, zilizobaki tafuteni wastani. Baada ya hapo mashine ikae kabatini.

Mfamasia_Tz: Naongezea upande wa dawa, maana hapa ndipo wengi huanguka. Amlodipine huvimbisha miguu, enalapril huleta kikohozi kikavu, mtu anaacha kimyakimya. Asiache, aombe kubadilishiwa. Diclofenac na ibuprofen za maumivu ya magoti hupandisha presha. Aspirini asianze mwenyewe: kwa ambaye hajapata kiharusi, mabaka peke yake si sababu ya kuinywa, na inaweza kumfanya atokwe na damu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabuni ya ng'onda na vile vidonge vya mchuzi.

Kijana_wa_Mama: Asanteni sana. Na ganzi ya vidole?

Nesi_Presha: Ganzi ya mikono yote miwili na kuzunguka mdomo, huku anahema haraka, mara nyingi ni hofu. Avute pumzi taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kiharusi huja ghafla, kwa kawaida upande mmoja: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama. Hapo, au mkishindwa kutofautisha, nendeni hospitali yenye CT scan hata kama dalili imepotea. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo. Msimpe aspirini wala chakula njiani. Jina la hospitali, namba ya dereva na orodha ya dawa zake vibandikeni ukutani. Mpango ukiwepo, usiku unakuwa mwepesi.

Huzuni au kukosa hamu ya chochote kukizidi wiki mbili, mwambieni daktari. Ugonjwa huu wenyewe unaweza kuleta sonona, na sonona inatibika.