Naongoza shindano la madaraja ya vijiti kwenye tamasha la chuo, naombeni ushauri

Mwaka_wa_Tatu:
Habari zenu wakuu. Nasoma uhandisi ujenzi, na wenzangu wamenipa kusimamia shindano la kujenga madaraja ya vijiti na gundi. Timu ziko 12. Daraja linavuka pengo la sentimita 60, tunaning'iniza ndoo katikati, tunamimina mchanga hadi livunjike.

Mwaka jana nilikuwa mshiriki. Daraja la timu moja lilitoa mlio, kijiti kikachomoka, ila likaendelea kubeba. Mwamuzi mmoja akasema limevunjika, mwingine akasema mimina. Tulizozana hadi giza likaingia, na kuna wawili hawasalimiani mpaka leo. Sitaki yajirudie mikononi mwangu. Tena rafiki zangu wa karibu wamo kwenye timu mbili, na wameshaanza kunidodosa. Nianzie wapi?

Fundi_Mbao:
Anzia kwenye neno "kuvunjika", mdau. Sisi tuliweka ubao sentimita 3 chini ya ndoo. Ndoo ikigusa ubao, basi, daraja limeshindwa. Kijiti kikilia au kikichomoka, mchanga unaendelea. Hata aliyekaa nyuma kabisa anaona, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye.

Halafu usimpe ushindi aliyebeba mzigo mkubwa tu. Gawanya mzigo kwa uzito wa daraja lenyewe. La gramu 200 lililobeba kilo 30 limebeba mara 150 ya uzito wake. La gramu 500 lililobeba kilo 50 ni mara 100 tu. Pima madaraja mbele ya timu zote. Kwenye mzigo jumlisha ndoo na mnyororo, maana mnyororo husahaulika kila mara.

Binti_Zege:
Funga mapokezi ya madaraja siku moja kabla. Gundi nyeupe ya mbao huhitaji kama saa 24 kukomaa, na ukiruhusu marekebisho ya asubuhi utashuhudia viungo vikiachia kabla hata ndoo haijafika nusu. Inauma kuona kazi ya wiki 3 ikiishia hivyo.

Na nakuomba sana, wape wa mwaka wa kwanza somo fupi. Wengi hawajui kwamba kijiti kinachobanwa ukikirefusha mara 2, mzigo wa kukipinda unashuka hadi robo. Wakilijua hilo wataongeza pembetatu wenyewe, ili vijiti vinavyobanwa viwe vifupi.

Kuhusu rafiki zako: kila swali lijibiwe kwa maandishi, na jibu liende kwa timu zote 12 kwa pamoja. Wakikuuliza pembeni, waambie waandike.

Mzee_wa_Saiti:
Mwanangu, mimi nakuuliza moja: nani ana mamlaka ya kusema "simama"? Daraja la Quebec kule Kanada lilianguka mwaka 1907 likiwa bado linajengwa, wakafa watu 75. Vyuma vya chini vilivyokuwa vinabanwa vilishaonekana vimepinda siku kadhaa kabla. Barua na simu zikapita huku na huku, na kazi ikaendelea. Yenu ni ya vijiti, lakini ndoo ya kilo 50 ikidondoka juu ya mguu ni hospitali. Teua mtu mmoja asiye na timu, asiyemimina mchanga wala kushika kalamu ya matokeo. Kazi yake kutazama tu. Akiinua mkono, kila kitu kinasimama, hata wewe mwenye shindano. Na wote walio karibu na meza wavae miwani ya kinga, vijiti huruka.

Mwaka_wa_Tatu:
Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Jana tumejaribu meza kwa daraja la mazoezi. Kulabu ya mnyororo ilikuwa nyembamba, ikakata kijiti cha katikati kwa kilo 8 tu, daraja lenyewe likiwa zima kabisa. Hebu fikirieni ingetokea siku yenyewe! Tumeweka kibao cha sentimita 10 chini ya kulabu, tukarudia, likafika kilo 27. Kipimo cha kibao nimekiandika kwenye kanuni, na timu zote zimeshapata nakala usiku huu. Wa kuinua mkono nimempata: dada mmoja wa maabara, hana timu, na hana urafiki na yeyote kati yetu.