Gari kubonyea: unanyoosha mwenyewe au unapeleka kwa fundi? Tupeane uzoefu

Ngosha_Nyasaka: Wakuu, salaam. Jana jioni nimepaki pale Mlango Mmoja, hapa Mwanza, bodaboda akakwepa mkokoteni akaniingia ubavuni. Gari ni Toyota IST. Mlango wa nyuma kushoto umebonyea upana wa sahani ya ugali na rangi imepasuka mstari mmoja. Bampa la nyuma limeingia ndani kwenye kona, rangi nzima. Fundi anataka 180,000 kwa vyote viwili. Shemeji yangu anasema maji ya moto yanatosha. Waliopitia haya naomba mniambie kabla sijagusa kitu.

Mama_Passo: Bampa maji ya moto. Langu lilitoka. Mlango sijui.

Kijana wa Mabatini: Umenikumbusha mlango wa Noah ya baba. Sisi wa milimani mnatujua, jiwe la ukubwa wa nazi liliporomoka toka juu likatua mlangoni. Mzee alikuwa safarini, nikasema nimalize kabla hajarudi. Nikang'oa kava la ndani, klipu nne zikakatika. Nikaingiza mkono na nyundo ya seremala, nikapiga katikati ya bonde kutokea ndani. Nilipozunguka nje kuangalia nguvu ziliniisha. Bonde moja limekuwa vichuguu saba, kila kimoja na alama ya nyundo. Nikavirudisha kwa kupiga kutoka nje. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Bati likawa linaruka, ukiweka kidole, ka-ta! kama mfuniko wa kopo la maziwa ya unga. Baba alirudi Ijumaa, anatoka kwenda msikitini, akasimama mlangoni, akabonyeza mara moja. Ka-ta. Akaniangalia, akaenda zake bila neno. Afadhali angenigombeza. Fundi akasema bati limetanuka, lazima lipashwe moto likusanyike upya. Nililipa mara mbili ya bei ya kwanza.

Dereva_wa_Kamanga: Seremala na bati wapi na wapi. Pole mwanangu.

Fundi Bodi Nyakato: Kijana kasema kweli na wengi wanakosea palepale. Bonde halianziwi katikati. Unaanzia ukingoni, pale lilipoishia kuingia, unalisogeza polepole kuja katikati, na upande wa pili unashikilia chuma cha kukinga. Ngosha, bampa ni plastiki, likipata moto linalainika na kukumbuka umbo lake. Bati la mlango halina tabia hiyo, utamwaga birika kumi bure. Na huo mstari uliopasuka usiuache. Hewa ya ziwa hapa ina unyevu, kutu itaanza kula chini ya rangi wewe unaona juu pako sawa.

Jirani_Bugando: Fundi, tuambie na upande wenu. Mnajaza puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde, unene wa kidole, mnapiga rangi, mteja anaondoka anafurahi. Mvua mbili tu, nyufa.

Fundi Bodi Nyakato: Mimi sijazi. Njoo na sumaku, ifunge kitambaa laini, uipitishe kwenye bodi. Ikikataa kushika ujue umeuziwa puti. Puti ni ya kusawazisha juu juu baada ya bati kunyooka. Hadina, ile dawa ya kuigandisha, ikizidi, inatoa matundu. Tena puti inanyonya maji. Gari la puti tupu lisilale nje.

Jirani_Bugando: Haya, sumaku naichukua. Lakini bei zenu bado.

Mwana_Kiloleli: Mnabishana puti, mimi niliibiwa gari na puti yake. Niliacha Raum kwa fundi, kaniambia siku tatu. Wiki ya tatu ananijibu kwa simu tu, "rangi haijakauka bosi." Jumapili alfajiri nimeenda Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa, naona Raum inashusha magunia. Nikapita. Nikarudi. Mlango mmoja wa kijivu, puti imepigwa msasa haijapata rangi, na ule mkwaruzo wangu wa kona ya kushoto upo palepale. Nikamshika kola kijana aliyekuwa nalo, miguu inatetemeka. Kumbe kila usiku linabeba mzigo. Kiti cha nyuma kilikuwa kimetolewa. Harufu ile haijatoka mpaka leo, mke wangu anapanda amefunga pua.

Mama_Passo: Yesu wangu! Polisi?

Dereva_wa_Kamanga: Alirudisha kiti??

Mwana_Kiloleli: Polisi tulifika, tukayamaliza hapohapo kituoni. Fundi akapiga rangi bure mbele ya macho yangu, nimekaa kwenye ndoo kutwa nzima.

Kijana wa Mabatini: Kosa ni kuacha funguo.

Fundi Bodi Nyakato: Bila funguo nitalisogezaje gari? Piga picha ya kilomita na geji ya mafuta, andikishaneni siku ya kumaliza. Fundi wa kweli hakasiriki.

Dereva_wa_Kamanga: Au lala nalo gereji. Ngosha, rangi gani? Kama ni nyeupe ya lulu jiandae, kuifananisha ni shughuli. Fungua boneti, soma kibati, palipoandikwa C/TR, hapo ndipo ilipo namba ya rangi. Ikiwa 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ndiyo lulu yenyewe.

Mama_Passo: Na usiruhusu wakadirie rangi kwa macho. Mlango wangu mmoja mpaka leo ni wa krimu.

Ngosha_Nyasaka: Mrejesho. Kibati kinasema 040, nimeshukuru Mungu. Jioni hii nimechemsha sufuria mbili, mdogo wangu anamwaga taratibu, mimi nimevaa glovu nikaingiza mkono nyuma ya bampa kupitia chini. Sufuria ya kwanza kimya. Ya pili limeruka lenyewe, pu! limebaki kovu dogo kama kucha. Mlango sigusi. Fundi Nyakato, mlango peke yake unaufanya kwa ngapi? Jumamosi nakuja, na sumaku nakuja nayo.