Mbwa ana mimba na ngozi imeharibika: dawa gani haitadhuru watoto?

Kijiti
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka. Nina mbwa jike, chotara wa German Shepherd, miaka minne, kilo kama 28. Ana mimba. Nywele zimenyonyoka kwenye kingo za masikio, viwiko na tumboni, ngozi imekuwa nene, ina magamba na harufu, na usiku kucha anajikuna mpaka damu. Nataka jina la dawa isiyodhuru watoto walio tumboni. Ya "nenda kwa daktari" nayajua, msijisumbue kuyaandika.

Kisu Butu
Unayajua halafu uko huku saa nne usiku. Haya, wataalamu wanakuja.

Mama Dagaa
Mimi naanzia kwenye chakula kwa sababu hakuna anayeuliza. Wiki tatu za mwisho mwongezee robo mpaka nusu ya kile alichokuwa anakula, umgawie mara tatu au nne kwa siku, maana kizazi kimebana tumbo la chakula. Ugali mtupu haujengi ngozi. Changanya na dagaa waliooshwa chumvi, yai la kuchemsha, maini kidogo mara moja kwa wiki. Na vidonge vya kalsiamu usimpe akiwa na mimba. Mwili ukizoea kupewa unasahau kuchota kwenye mifupa, akianza kunyonyesha anatetemeka, anakakamaa, na anaweza kufa.

Fundi Josho
Chakula sawa, lakini mbwa anayejikuna mpaka damu hatibiwi na dagaa. Mkuu Kijiti, jibu haya manne ndipo tuongee dawa. Alipandwa tarehe ngapi? Kuna mtu nyumbani anawashwa? Umeshampaka au kumwogesha na nini? La nne ni la vitendo: kunja ukingo wa sikio lake, usugue wenyewe kwa wenyewe kwa kidole gumba kama sekunde tano, halafu tazama mguu wa nyuma wa upande huohuo.

Kijiti
Alipandwa 2 Machi, leo 22 Aprili. Nimesugua sikio, mguu unapiga hewa kama anaendesha baiskeli. Watoto wangu wawili wana vipele vidogo mikononi na kiunoni, ila hilo ni joto la Dar. Sijampaka kitu cha maana.

Fundi Josho
Siku 51. Mbwa hubeba siku 63 hivi, kwa hiyo anatarajiwa karibu na 4 Mei. Una siku 12.

Mguu kupiga hewa, kingo za masikio, viwiko, tumbo, na watu wa nyumbani kuwashwa: vyote vinaelekea kwenye upele wa utitiri unaoitwa Sarcoptes, ule unaochimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo. Utitiri mwingine, Demodex, kwa kawaida huanzia usoni na kwenye miguu ya mbele, mwanzoni hauwashi sana, na hauambukizi watu. Joto la Dar halichagui mahali mtoto alipomkumbatia mbwa. Vipele vya watoto vitaisha mbwa akipona, utitiri wa mbwa hauzaliani kwa binadamu, lakini kwa sasa wasimshike.

Sasa, "kitu cha maana" ni kitu gani?

Kijiti
Nilimpaka oili chafu ya gari, mara mbili, mwezi uliopita. Ni dawa ya tangu enzi za wazee na mbwa wao walipona.

Sululu
Oili ya injini kwa kiumbe chenye mimba! Tutaulizwa siku ya hesabu, na siyo kwa ajili ya watu peke yao.

Kisu Butu
Mbwa alikuwa amefikisha kilomita elfu tano, ilibidi amwagwe oili.

Bi Mkasi
Waliopona ndio wanaokumbukwa. Oili chafu ina madini ya risasi na mabaki ya petroli. Ngozi iliyopasuka inayanyonya, na mbwa akijilamba anayameza. Ini na figo ndivyo vinavyolipa, na sasa hivi viungo hivyo vinafanya kazi ya mama na ya watoto. Ikiwa bado ngozi inateleza: futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya kupikia kidogo yalainishe ile nyeusi, futa tena, kisha osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, suuza mpaka povu liishe, mkaushe kwa taulo. Usitumie petroli wala mafuta ya taa kuitoa. Ukimaliza hapo niambie: anakula? Ufizi wake una rangi gani?

Mpita Njia
Kuna jirani mmoja huku Mbagala mbwa wake aliliwa na chatu akiwa na mimba, hiyo stori nitaileta kesho nikipata bando.

Bi Mkasi
Kijiti, anakula?

Kijiti
Ufizi umepauka kidogo. Hajala vizuri tangu Jumapili. Analala tu, akisimama anayumba. Nilifurahi nikajua muwasho umepungua ndiyo maana kapumzika.

Bi Mkasi
Jumapili ulimfanyia nini?

Kijiti
Nilimwogesha. Dawa ya josho, ya ng'ombe, ya duka la mifugo. Muuzaji alisema hata mbwa wanaogeshwa nayo na nirudie baada ya siku saba. Nimeshanunua chupa nzima, Jumapili nilikuwa nimalizie. Msinishambulie, nia yangu ni nzuri, na wateja wanne wameshalipa nusu bei ya watoto.

Fundi Josho
Soma lebo utuandikie jina la dawa, asilimia, na ulichanganya kiasi gani.

Kijiti
Amitraz 12.5%. Vizibo viwili kwenye maji lita tano.

Fundi Josho
Kizibo cha chupa hizo mara nyingi ni kama mililita 10, pima kwa bomba la sindano uhakikishe. Dawa ya 12.5% huchanganywa mililita 2 kwa lita moja, kwa hiyo lita tano zilitaka mililita 10. Wewe umeweka kama 20, mara mbili ya kipimo, juu ya ngozi iliyochubuka. Na hata kwa kipimo sahihi, mbwa mwenye mimba haogeshwi na amitraz. Dawa hii ikiingia mwilini hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto la mwili, hupandisha sukari kwenye damu, mbwa analegea na kuyumba. Huyo hakupumzika, amelewa sumu.

Hakuna Jumapili ya pili. Mwoshe kwa sabuni ya kawaida usiku huuhuu, vaa glovu, msuuze sana, mkaushe, mfunike apate joto. Mchanganyiko uliobaki usiuweke kwa ajili ya baadaye, ukikaa unaharibika na kuwa mkali zaidi. Pima joto kwa kipimajoto cha kawaida njia ya haja kubwa: la kawaida ni 38 mpaka 39. Kesho asubuhi daktari wa mifugo, na chupa uibebe. Ipo dawa ya kupingana na amitraz, lakini hiyo huchomwa na anayesikiliza moyo wake.

Bi Mkasi
Naongeza la siku tatu bila kula. Katika umri huu wa mimba watoto wanachota kwa nguvu. Mama asipokula anaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi na damu inachafuka. Anaweza kuhitaji dripu, siyo dawa ya ngozi. Ngozi imepanda foleni ya nyuma.

Mnusa Chai
Hii chai, na sukari imezidi. Katikati ya Disemba huyuhuyu Kijiti alitangaza humu watoto sita wa mbwa, wiki nane, mama chotara wa German Shepherd, picha zina banda la mabati ya bluu. Leo Aprili mama yuleyule ana mimba ya siku 51? Kesho mtaombwa mchango wa matibabu.

Kisu Butu
Nimeenda kuangalia. Banda la bluu lipo kweli. Naomba na vitafunwa.

Sululu
Watu wanatunga mpaka mateso ya wanyama. Mods fungeni.

Bi Mkasi
Kabla hamjafunga, pigeni hesabu. Wiki nane katikati ya Disemba maana yake walizaliwa katikati ya Oktoba, mama alipandwa katikati ya Agosti. Mbwa jike huingia joto, yaani kutaka dume, kila miezi sita au saba. Agosti mpaka Machi mwanzoni ni miezi sita na nusu. Tarehe zinakaa vizuri kabisa, na hilo ndilo baya. Amenyonyesha sita, hajarudisha mwili, akapandishwa joto lililofuata. Mbwa aliyechoka hivyo hata Demodex iliyokuwa imelala kwenye ngozi inaamka. Kwa hiyo asije mtu akatibu Sarcoptes kwa kubuni. Akwanguliwe ngozi zitafutwe zote mbili.

Mnusa Chai
Basi si chai. Ni kiwanda.

Kijiti
Sikukataa kuwa ni yeye. Hamkuuliza. Alipandwa na dume langu, wanakaa banda moja, ningefanyaje? Na kuhusu kesho, fundi mmoja wa mifugo atapita bure. Kasema atamchoma ivermectin (ya kuua utitiri) cc 3, sindano moja ya dexa, yaani deksamethasoni, ya kuzuia kuwasha, na OTC, antibayotiki, kwa harufu. Hiyo si sawa na daktari?

Fundi Josho
Hapana, na tatu zote zina kasoro.

Ivermectin ya sindano ya 1% ina miligramu 10 kwa kila cc. Kwa upele wa Sarcoptes hutumika miligramu 0.2 mpaka 0.4 kwa kilo. Mbwa wa kilo 28 kwa 0.2 ni miligramu 5.6, yaani kama cc 0.56. Cc 3 ni miligramu 30, zaidi ya mara tano. Kipimo cha ng'ombe mkononi mwa mtu aliyezoea ng'ombe. Akizidishiwa anapanuka mboni, haoni, anadondosha mate, anatetemeka, anazimia. Tena mbwa wa aina ya Collie na jamaa zake, na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, na wewe hujui damu ya chotara wako. Na hii juu ya amitraz ambayo bado haijatoka.

Dexa ni mbaya zaidi. Katika mimba inaweza kuitoa mimba au kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Inazima muwasho kwa siku mbili tatu huku ikishusha kinga, na kama kuna Demodex inalipuka. OTC, yaani oksitetrasaiklini, inakaa kwenye mifupa na meno ya watoto yanayojengwa sasa hivi.

Bi Mkasi
Cha kumuuliza daktari: kwanza akwangue. Kwa Sarcoptes anakwangua eneo pana, kingo za masikio na viwiko, kwa kisu kilichopakwa mafuta. Kwa Demodex anaminya ngozi kwanza, halafu anakwangua mpaka damu ianze kuchungulia. Sarcoptes hujificha, kwa hiyo asipoiona haimaanishi haipo, ile ya sikio na vipele vya watoto vinatosha kuanza tiba. Dawa ambazo lebo zake zinaruhusu mbwa mwenye mimba ni selamectin ya kudondoshea mgongoni na Bravecto ya kutafuna. Ya kilo 20 mpaka 40 ni miligramu 1,000, hupewa pamoja na chakula, kwa hiyo isubiri arudi kula. Harufu ni bakteria: shampuu ya klorheksidini, iache dakika 10, suuza, mara mbili kwa wiki. Ikihitajika antibayotiki, cephalexin inafaa, kwa uzito huo miligramu 750 asubuhi na jioni, na si ya siku tano tu. Dume naye atibiwe siku hiyohiyo. Magunia ya kulalia yachomwe, matambara yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Kijiti (siku iliyofuata, jioni)
Nimerudi. Mapigo yalikuwa chini, kachomwa sindano ya kupingana, kawekewa dripu, saa nane mchana kala wali na dagaa. Kakwanguliwa sehemu tano: utitiri mmoja na mayai mawili, ukingo wa sikio la kushoto. Demodex hakuna. Bravecto kesho akiendelea kula. Utrasaundi inaonyesha mioyo mitano inapiga. Yule wa cc 3 nimemwambia asije. Siku ya kuzaa niangalie nini?

Bi Mkasi
Kuanzia siku ya 58 pima joto asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.2, tegemea uchungu ndani ya saa 24. Siku hiyo futa chuchu kwa maji ya vuguvugu matupu, pasibaki shampuu wala oili. Piga simu ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au zikipita saa mbili kati ya mtoto na mtoto huku unajua wamebaki. Dume ahamishiwe banda lingine sasa, asirudi mpaka joto linalofuata lipite.

Mnusa Chai
Na wale wanne waliolipa nusu?

Kijiti
Wawili nimewarudishia. Wawili wamesema watasubiri. Banda la pili nimeanza kulijenga, mabati ya kijani ili msinichanganye.